Tordesillas: Mji Alimofungiwa Malkia

Mwezi huu tunatembelea Tordesillas, mji mdogo wa Hispania kando ya mto Duero. Tukivuka daraja lake la mawe lenye matao 10, tunaona juu ya ukingo monasteri ya Santa Clara, iliyokuwa jumba la kifalme kabla ya kupewa watawa mwaka 1363, na kanisa la San Antolín, ambalo sasa ni makumbusho.

Hapa, mwaka 1494, Hispania na Ureno zilipatana kugawana nchi za ng'ambo. Njia ya kuzunguka Afrika ikawa ya Wareno, na mwaka 1498 Vasco da Gama akatia nanga Mombasa na Malindi.

Lakini sisi akina mama tunamkumbuka zaidi Malkia Juana. Mfalme Fernando, baba yake, yule yule wa mapatano ya 1494, alimfungia katika jumba la mji huu mwaka 1509, ikisemwa ana wazimu. Mwanawe Carlos alipotawala naye hakumfungua. Binti yake mdogo, Catalina, alikaa naye humo hadi alipokwenda kuolewa Ureno mwaka 1525. Juana alifariki humo mwaka 1555, baada ya miaka 46, akiwa bado malkia kwa jina.

Jumba lile lilibomolewa zamani. Atakayefika Tordesillas asitazame daraja tu; amkumbuke na mama huyo.