Maji ya Markala

Msafiri atokaye Ségou, nchini Mali, akiufuata mto Niger uendako, hufika Markala, penye ukuta mkubwa wa kuzuia maji. Wafaransa waliujenga tangu 1934 hata 1947, kwa mikono ya watu ambao wengi wao walishurutishwa. Kutoka hapo maji hushuka yenyewe kwa mifereji mpaka mashamba ya mpunga ya Niono. Zamani mkulima hakuruhusiwa kuuza mpunga wake apendapo, na mashamba yakadhoofika. Katika miaka ya 1980 alipewa ruhusa, mifereji ikatengenezwa, na baadaye mavuno ya kila hekta yakazidi mara mbili. Maji ni yale yale, wasomaji! Lakini wengi hawana hati ya shamba. Asiyelipa ada ya maji huweza kuondolewa.