Barua kwa Mpwa Aliyehitimu Kiganjo

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Mama yako hajambo, na makuruta wa chuo cha polisi hapa Kiganjo bado wanatuamsha kwa nyimbo zao za mbio.

Nimesoma rasimu ya barua yako ya kuomba uhamisho. Sababu zako ni nzito. Tatizo ni hapo juu: "Mtukufu Kamishna wa Polisi." Nadhani umenakili barua ya zamani. Katiba ya 2010 iliweka ofisi ya Inspekta Jenerali badala ya Kamishna wa Polisi, na David Kimaiyo akawa wa kwanza kuishika mwishoni mwa 2012. Vivyo hivyo DC, yaani mkuu wa wilaya, ameondoka. Siku hizi kuna Naibu Kamishna wa Kaunti. Wazee sokoni wangali wanasema DC, na sokoni hakuna ubaya.

Andika cheo, usiandike jina la mtu. Nilipokuwa karani wa masijala niliona barua zikimfuata bosi aliyehamishwa hadi wilaya nyingine kwa sababu tu zilibeba jina lake, huku mjane akiendelea kungoja pensheni ya mumewe. Cheo kikiandikwa, anayekishika leo ataifungua barua yako.

Wala usiruke ngazi. Chini ya anwani ya Inspekta Jenerali andika "Kupitia kwa", kisha OCS wako, yaani mkuu wa kituo, na makamanda wa kila ngazi iliyo juu yake. Kila mmoja ataongeza maoni yake. Ukiwapita, barua itarudishwa kwa OCS yuleyule, naye atakuwa ameshajua kwamba ulimpita.

"Mtukufu" tulilizoea enzi za Rais Moi. Mwaka 2014 wabunge walijadili mswada wa kuwazuia magavana wasiitwe hivyo. Wewe andika "Kwa Bwana/Bibi", maana makamanda wanawake wapo, na "Afande" liache gwarideni. Anayesoma hatafuti sifa. Anatafuta namba yako ya utumishi, kituo chako na ombi lako.

Mimi nitaendelea kukuita Baba, kwa kuwa umebeba jina la baba yangu kama desturi yetu ilivyo, na kila ninapolitamka moyo wangu hufurahi. Heshima hiyo ni ya nyumbani. Kwenye barua tia jina lako kamili, kisha "Konstebo".

Iandike upya wiki hii. Ukiipeleka, hakikisha nakala yako imepigwa mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, na uitunze.

Ni mimi mjomba wako.