Swichi ya Bibi

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kama saa moja na nusu usiku, nilikuwa nyumbani Sakina, mkono uko kwenye ugali, simu ikaita. "Fundi, umeme upo. Friji linanguruma. Lakini hizi taa zako hazitaki."

Aliyepiga ni bibi mmoja wa Akheri, kule juu ya Tengeru ambako migomba na mibuni hushikana mpaka barabarani. Nikamwambia azime ruta, ahesabu hadi ishirini, kisha aiwashe tena. Sisi mafundi tunalitoa agizo hilo kama zahanati inavyotoa panadol. Akaniuliza ruta ni ipi. Nikamweleza ilipo. Akanijibu kwa upole kwamba haioni, maana ni giza.

Asubuhi ya siku ile nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Afrika Mashariki nzima ikawa inachechemea. Wengi walilalamika kwamba picha za WhatsApp hazifunguki. Bibi wa Akheri alikosa taa ya jikoni.

Nilikuwa nimembandikia ukutani vitufe vidogo vya betri. Ukibonyeza kitufe, amri huenda kwenye kisanduku kilicho sebuleni, kisanduku huituma kwenye seva iliyo nje ya nchi, na seva huirudisha Akheri ikawashe balbu iliyo mita mbili juu ya kichwa cha aliyebonyeza. Intaneti ikiwa nzima, safari yote hiyo ni kufumba na kufumbua. Jumapili ile amri zilikwenda zisirudi. Bibi akapika uji kwa kumulika na kitochi chake, ile simu ndogo ya vitufe yenye tochi kichwani. Majirani zake, wenye swichi za kawaida, waliwasha taa kama siku zote.

Usiku ule neno moja lilininyima usingizi: "zako". Alikwisha kaa na taa zile miezi mitano, na bado zilikuwa zangu.

Kazi yenyewe nilipewa na mwanawe aliyeko Texas. Tulipanga kila kitu kwa simu, mimi na yeye: geti, kamera, taa, pampu ya tangi, runinga. Alituma picha za nyumba alizoziona huko, nami nikatuma bei. Bibi alitutengenezea chai tulipokuwa tunapima. Sikumuuliza anaamka saa ngapi, wala anapenda kukaa wapi jioni.

Nilianza kwa balbu janja, zile zinazopokea amri kwa simu. Balbu hizo zinataka swichi ya ukutani ibaki imewashwa muda wote, kwa sababu zikikosa umeme hazisikii chochote. Bibi naye amezima taa maisha yake yote kila anapotoka chumbani. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, humfundisha mtu kuhesabu uniti. Basi akazima. Kijana akiwa Texas akaona kwenye simu yake kwamba taa hazipatikani, akanipigia. Nikapanda Akheri, nikaziba swichi zote kwa vifuniko vyeupe, nikabandika vile vitufe vya betri, nikashuka nikipiga mluzi. Kumbe nimemnyang'anya mwenye nyumba kitu pekee ukutani alichokielewa.

Alinisimulia baadaye kwamba usiku mmoja, saa nne hivi, alikuwa sebuleni na Biblia yake, mara taa zote zikazimika. Akajua LUKU imekwisha, akapapasa ukuta mpaka kitandani. Huko Texas ilikuwa mchana. Kijana aliona taa zinawaka, akadhani mama amesahau kuzima, akamsaidia. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo linalonisumbua: katika nyumba ile kila mtu alikuwa anamsaidia bibi, ila hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Aliyenifundisha kazi hii ni mzee ambaye sasa amestaafu, aliyevuta nyaya za vipaza sauti miaka mingi katika kumbi za mikutano za hapa Arusha. Mji wetu umekula mkate wa mikutano muda mrefu. AICC, kituo chetu cha mikutano ya kimataifa, ilianzishwa mwaka 1978, ikarithi majengo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977, na humo ndimo Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilimosikilizia kesi zake mpaka ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015. Mzee alipenda kutukumbusha mahakama ile tulipofanya kazi ovyo. Shahidi anasema kwa Kinyarwanda, wakalimani walio nyuma ya kioo wanapeleka kwa Kifaransa na Kiingereza, na jaji anasubiri na vidude vyake masikioni. Neno la mtu aliyepoteza ukoo wake linapita kwenye waya wako, anasema mzee, halafu wewe hujui waya huo unaanzia wapi na unaishia wapi?

Kwa hiyo kila waya aliupa jina, ncha zote mbili, kisha akaandika kwenye daftari la kaunta kwa wino. Tulimcheka. Swali lake lilikuwa moja: "Nikifa leo, kesho nani atawasha?"

Mimi nilifanya kinyume, tena kwa makusudi. Nywila ya msimamizi, ile inayofungua mfumo mzima, nilikuwa simpi mteja. Akitaka kubadilisha saa ya taa za nje, anipigie; nikipanda, anilipe. Wapo wengi mjini wanaofanya hivyo na wanaita biashara. Sasa naona ni kumuuzia mtu nyumba ukabaki na ufunguo mfukoni. Kwa bibi wa Akheri nilikuwa nao pia.

Jumatatu, siku iliyofuata simu ile, nilipanda Akheri. Masika yalikuwa yamekolea, Mlima Meru hauonekani hata kidogo, na bodaboda ilinishusha njiani kwa sababu ya utelezi. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Pole na mvua, ingia unywe chai." Hakunigombeza, nami heri angenigombeza. Baada ya kikombe cha pili akasema, "Mjukuu wangu, mimi nataka nibonyeze, iwake."

Ufumbuzi ni kidude kidogo kama kiberiti kinachofichwa nyuma ya swichi ya kawaida. Mkono ukibonyeza swichi, taa inawaka; simu nayo ikitaka kuamuru, inaweza. Lakini kidude hicho kinahitaji laivu na nyutro ili kiishi. Nikafungua kiboksi cha kwanza, cha jikoni, nikakuta nyaya mbili tu. Ndivyo nyumba zetu nyingi zilivyo. Tulirithi uwekaji wa Waingereza, ambapo laivu hushuka kwenye swichi na kupanda tena kwenye taa, na nyutro inabaki juu darini. Vipo vidude visivyodai nyutro. Hivyo huiba umeme kidogo kupitia balbu yenyewe, na kwenye taa ndogo ya LED unaweza kuiona ikimetameta gizani kama kimulimuli ingawa umeizima. Nikaamua kuvuta nyutro.

Nilizima meni swichi, nikapima kwa testa mara mbili, nikapanda darini. Kazi ya kule ni ya magoti na vumbi. Unasukuma waya mgumu ndani ya bomba, unausikia ukikwaruza, unafunga nyutro kwenye ncha, unavuta taratibu. Bomba la swichi ya choo lilikuwa na saruji ndani, mtu alilipuuza siku ya plasta, likanila karibu saa nzima. Chini, kwa sababu meni imezimwa, bibi alinimulikia kwa kitochi. Siku mbili zilikwisha hivyo. Tulipowasha, alikwenda jikoni akabonyeza, akazima, akabonyeza tena. Tak. Tak. Hakusema kitu, akaendelea kumenya ndizi.

Ubongo wa mfumo nao niliuhamishia ndani ya nyumba, kwenye kompyuta ndogo iliyo chini ya runinga, inayoendeshwa na programu ya Home Assistant. Hata kampuni kubwa zimeanza kuelekea huko: mwaka 2022 Amazon, Apple, Google na wenzao walitoa lugha moja ya vifaa, Matter, ambayo huviwezesha kuelewana humo humo ndani bila kupitia seva ya mbali. Rimoti tatu za bibi, ya runinga, ya king'amuzi na ya sabufa, nilizifanya kitufe kimoja cha taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Akikibonyeza, vyote vinawaka, chaneli inakuja, sauti inatosha. Zile rimoti nilimwachia pia.

Kisha nikampigia kijana. Nikamwambia geti, pampu na kamera za nje ataendelea kuvishika kutoka huko. Taa za ndani, bibi amesema hapana. Alinyamaza kidogo. Akasema sawa.

Daftari la nyaya, nililoliandika kama mzee alivyotufundisha, linaning'inia kwenye kabati la mita, na fundi yeyote wa Arusha anaweza kulisoma. Nywila ya msimamizi niliitia kwenye bahasha, nayo iko kwa bibi. Sijui ameificha wapi.

Na wewe unayejenga Moshono, Olasiti au Usa River, ambaye fundi wako bado hajapiga plasta: mwambie leo ashushe nyutro kwenye kila kiboksi cha swichi, hata kama huna mpango wowote wa kununua balbu janja.