Chuma Baridi

Mama alikuwa na feni moja tu dukani, na wiki ile aliielekeza kwenye kompyuta. Yeye alikaa pembeni akijipepea kwa jalada la daftari.

Ilikuwa Februari, Dar es Salaam, mwezi ambao hata usiku kuta hazipoi. Steshenari yake iko Mbagala: kopi, kuprinti, barua za maombi ya kazi, picha za pasipoti. Kompyuta ile ya mezani, aliyoinunua ikiwa imeshatumika, ndiyo iliyonilipia ada mpaka nikapata shahada ya sayansi ya kompyuta. Kwa hiyo ilipoanza kujizima katikati ya kazi, hakuita fundi. Aliniita mimi. Nilikuwa mwaka wa pili nyumbani bila ajira, na nadhani alitaka nami nijione nina faida.

Nikaifungua. Vumbi lilikuwa limeganda kwenye kipoza joto kama pamba ya godoro la zamani. Nilikichomoa, nikakisafisha kwa brashi ya rangi, nikafuta pesti iliyokauka juu ya prosesa, nikapaka mpya, nikakirudisha. Feni yake ikazunguka vizuri. Nikamwambia mama, "Tayari," kwa sauti ya mtu mwenye ofisi.

Baada ya dakika tatu ikazima.

Niliingia kwenye BIOS: nyuzi 96, na hakuna kazi yoyote iliyokuwa ikifanyika. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi isiungue. Joto likizidi kupanda, mashine hujizima. Hayo niliyajua, niliwahi kuyajibu kwenye mtihani. Nikaanza kutafuta wa kumlaumu: jua, bati lisilo na dari, umeme, pesti ya bei rahisi niliyonunua Kariakoo. Jioni nikatoa hukumu. "Mama, hii imekufa. Itabidi ununue nyingine."

Hakunibishia. Alifungua droo ya pesa, akaitazama, akaifunga. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kuprinti walihamia duka la jirani.

Asubuhi nilikuta amemwita fundi simu wa mtaani, kijana mdogo kwangu aliyeishia kidato cha pili. Hakuuliza nimesoma nini. Aliiwasha, akasubiri kidogo, kisha akagusa ubavu wa kipoza joto kwa kidole.

"Braza, gusa hapa."

Nikagusa. Kilikuwa baridi.

Prosesa ina nyuzi 96, na chuma kilicholala juu yake ni baridi kama sufuria ya kabatini. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Joto halikuwa likipanda kabisa. Feni ya ndani, na feni ya mama juu yake, zote zilikuwa zikipuliza chuma kisicho na joto la kuondoa.

Kipoza joto cha aina ile hushikiliwa na pini nne za plastiki, zinazopenya kwenye matundu ya mazabodi na kujibana kwa nyuma. Pini moja ilikuwa imeingia nusu, na kona yake imeinuka kiasi cha unene wa kadi. Hapo pakaingia hewa, na hewa ni mpitishaji mbaya wa joto. Ndiyo sababu hupakwa pesti: kuziba hata vishimo ambavyo jicho halivioni.

Alizima, akachomoa waya wa umeme, akafuta kwa spiriti, akaweka tone dogo kama punje ya mbaazi. Kisha akabana pini kwa kukingamisha, ya kona hii halafu ya kona inayoikabili. Kila moja ililia "ta!" Mimi nilizisukuma zote nne bila kusikiliza.

Nyuzi 48. Alitaka elfu tano. Mama akamlipa, kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Angenisema, ningejitetea. Swali la chai sikuwa na jibu lake. Nilibaki nimesimama, kidole bado kina ule ubaridi, nikimtazama kwa mara ya kwanza wiki ile. Kanga ya mabegani ilikuwa imelowa jasho. Jalada la daftari lilikuwa limejikunja kwa kupepewa.

Nikaigeuza feni imwelekee yeye.

"Na kompyuta je?" akauliza.

"Haiihitaji, mama," nikasema. "Haikuwa ikiihitaji."