Hela ya Ukumbi

Tulifunga ndoa bomani, na akiba ya ukumbi tukaenda kuila Vietnam, miezi mitatu. Shangazi bado anauliza sherehe ni lini.

Mume wangu akiulizwa mlo bora hutaja cao lầu ya Hội An, tambi nene zenye nyama ya nguruwe na majani mabichi. Mimi husema phở ya asubuhi, Hanoi. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa kwa saa nyingi, pamoja na mdalasini, tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa motoni. Unakaa kwenye kistuli cha plastiki, magoti kifuani, pikipiki zikipita nyuma ya mgongo. Sisi watu wa supu na chapati tulichojifunza pale ni kutumia vijiti tu.

Malazi? Vyumba karibu vyote nimevisahau. Ninachokumbuka ni treni ya kutoka Hanoi kwenda Saigon, kilomita 1,726. Chumba kina vitanda sita, vitatu kila upande, kimoja juu ya kingine. Tulichukua vya juu kabisa, vya bei rahisi, ambako hata kuketi huwezi. Huko juu, kwa kuwa hakuna aliyetuelewa, tuliongea waziwazi mambo ambayo Dar tulikuwa tunayanong'ona: watoto, mkopo wangu wa chuo, mama yake atakaa na nani. Asubuhi, treni ikipanda Hải Vân, bahari chini kushoto kwetu, bado tulikuwa kwa mama.