Mkwaju wa lupangoni na karanga za mbegu

Anayetaka kujua mahali ambapo waungwana walikaa zamani huku kwetu, atafute miembe. Kasongo, Nyangwe, na njia ya kwenda Kabambare, miembe mikubwa ingali inaonyesha zilipokuwa nyumba na barza zao. Mkwaju hauonekani sana. Mti huu unapenda nchi yenye kiangazi cha kweli, haupendi msitu wa mvua. Lakini kusini mwa Maniema, pale msitu unapoanza kuachia nyika nafasi, ukipandwa lupangoni na kutunzwa unakua na kuzaa.

Wengi wetu tunauhesabu mkwaju kuwa mti wa Wahindi au wa Waarabu. Jina ndilo linatudanganya. Waarabu waliuita tamr hindi, yaani tende ya Hindi, na Wazungu wakalichukua jina hilo hivyo hivyo. Wataalamu wa mimea wanasema asili yake ni Afrika, na kwamba ulifika Bara Hindi zamani sana kutoka huku. Kwa hiyo anayeukata kwa kusema ni mti wa wageni, anakata mti wa bara lake mwenyewe.

Katika ukoo wetu, mkwaju ulipandwa na nkambo, mama mzaa baba. Ukwaju ulitiwa katika uji wa kufungulia mwezi wa Ramadhani, ulitiwa katika mchuzi wa samaki, na ulisugua sinia za shaba mpaka zing'ae. Alikuwa na sheria moja kali: kabla karanga hazijarudi kutoka shambani, sharti maganda yote ya ukwaju yawe yameangushwa, yameokotwa, na chini ya mti pamefagiliwa. Alisema majini yanakaa mkwajuni, na hayapendi uchafu. Sisi watoto tulifagia kwa woga.

Halafu vita vikaja. Mwaka 1998 na miaka iliyofuata, watu wa Kasongo na Kabambare walikimbia mara nyingi, wakalala porini, wakarudi, wakakimbia tena. Mkwaju haukukimbia. Uliendelea kuzaa bila mtu wa kuchuma, na maganda ya mwaka huu yalining'inia pamoja na ya mwaka uliopita. Tuliporudi kabisa, nkambo alikuwa amekwisha kufariki, na sheria yake ilikuwa imezikwa naye.

Miaka ikapita. Ndipo jirani yetu, mama mjane anayelea wajukuu, alipofungua gunia lake la karanga za mbegu mwishoni mwa mwezi wa nane. Mvua ilikuwa karibu. Karibu kila ganda lilikuwa na tundu, na chini ya gunia kulijaa kitu kama vipande vya karatasi nyembamba. Alikuja kwetu na karanga mkononi, akasema: "Wanangu, ule muti wenu njo unatukulia mbegu. Tutapanda nini sasa?" Wengine wakasema ni majini. Vijana wakaleta shoka.

Wazee waliomba siku tatu kabla ya kukata. Katika siku hizo tulikaa na maganda ya ukwaju kwenye ungo, upande mmoja, na karanga upande mwingine, tukatazama kwa makini. Matundu yalikuwa sawa: mviringo, safi, kama yaliyotobolewa kwa msumari mdogo. Panya hatoboi hivyo. Yeye anatafuna na kuacha makombo. Mchwa naye hukwangua ganda na kuacha udongo. Vile vikaratasi vilikuwa vifuko vyeupe vigumu kidogo, vimeshikamana na maganda ya karanga na ya ukwaju pia. Tulipasua kimoja, tukakuta mdudu wa kahawia, mwenye madoa, mfupi kuliko punje ya mpunga, mapaja ya nyuma mazito kama ya panzi.

Mdudu huyu anajulikana katika elimu. Jina lake ni Caryedon serratus. Makao yake ya asili ni mkwaju na miti mingine ya jamii ya maharage. Karanga, ambayo ilitoka Amerika ya Kusini, aliikuta baadaye akaipenda. Jike anabandika yai juu ya ganda, na mtoto akitoka anatoboa moja kwa moja mpaka ndani ya mbegu. Akishiba, mara nyingi anatoka nje, anasuka kifuko chake, anageuka mdudu kamili. Penye joto kazi yote hiyo inachukua kama wiki sita. Kwa hiyo karanga zikihifadhiwa miezi mitatu, vizazi viwili vinaweza kupita ndani ya gunia moja. Na tundu lile linafungua mlango wa ukungu, ambao unaweza kuleta aflatoksini, sumu inayoharibu maini. Karanga za namna hiyo zisiliwe, hata kama njaa ipo.

Tusimchanganye na wengine. Katika kokwa za ukwaju anaonekana pia fukusi mwenye mkonga, ndugu ya yule wa mchele wetu. Huyu hana mapaja mazito. Na juu ya matawi mabichi wanakaa wadudu weupe kama unga wa muhogo. Hao wananyonya utomvu na kuacha utamu unaonata; chungu wanakuja kuulamba na kuwalinda, na majani yanakuwa meusi kama yamepakwa masizi. Dawa yake ni kukata matawi yaliyojaa, kuosha mengine kwa maji ya sabuni, na kuwazuia chungu wasipande. Wengine waachiwe maadui wao. Wakongomani tunapashwa kukumbuka: mdudu mweupe wa muhogo alipoonekana Kinshasa kwenye mwaka 1973, alikausha mashamba ya nchi nyingi. Aliyemshinda ni nyigu mdogo sana aliyepatikana Paragwai mwaka 1981, akazalishwa na kuachiliwa Afrika. Si kila mdudu ni adui.

Siku ya tatu kwenye barza, vijana walisema tena: "Tukate, mambo yaishe." Mzee mmoja akawajibu: "Mukikata muti, yule mududu aliye ndani ya magunia atakufa?" Shoka likarudishwa ndani. Ilikubaliwa kwamba mti ubaki, na kazi irudi. Ukoo wetu ulimpa mama yule mbegu nyingine, maana karanga zake zilikuwa zimekwisha haribika, maneno au hakuna maneno.

Kazi yenyewe ni hii. Ukwaju unachumwa mara unapokomaa, hauachwi mtini mwaka mzima. Maganda yenye matundu yanachomwa. Karanga hazianikwi wala hazihifadhiwi chini ya mkwaju. Zinakaushwa juani mpaka ukizitikisa mbegu zinalia ndani ya ganda, na jioni zinafunikwa, kwa sababu mdudu huyu anatembea giza likiingia. Gunia la zamani linachemshwa, ghala linafagiliwa mpaka kwenye nyufa. Mbegu zilizokauka vizuri zinatiwa katika bidoni, zinajazwa mpaka juu, kifuniko kinabanwa sawasawa: ndani humo mdudu anakosa hewa. Unga wa dawa unaouzwa sokoni bila jina wala maelezo, tuuache. Mbegu iliyotiwa sumu siku ya njaa inaingia chunguni.

Tangu hapo tumeona matundu machache sana, ingawa hayajakwisha. Porini kuna miti mingine ambako mdudu huyu anaweza kukaa, na soko linaleta magunia kutoka mbali. Kazi ni ya kila kiangazi.

Hatusemi kwamba nkambo alijua habari za yai na kifuko. Yeye alitaja majini, sisi tunataja mdudu. Lakini ufagio ni ule ule, na mwezi wa kufagia ni ule ule. Ndiyo maana tunaomba kila ukoo wa Kasongo na Kabambare uandike sheria ndogo za wakambo wao, hata zile zinazochekesha, na kuzipima moja moja kabla ya kuzitupa. Baadhi zitakuwa hofu tupu. Nyingine huenda zinalinda gunia la mbegu.