Mnyororo Uliolia



Kila Jumamosi alfajiri, kabla ya kwenda vigangoni, naihudumia pikipiki yangu. Kiangazi, vumbi laini la udongo wa volkano hupenya kila mahali. Hivyo naosha chujio la hewa la sifongo, nalikausha, nalipaka oili. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, tope husaga mnyororo. Nausugua kwa brashi na mafuta ya taa, nautia oili, napima ulegevu wake, kisha nakaza nati za gurudumu.

Zamani sikuwa hivyo. Masika moja niliitwa usiku kumpatia bibi mmoja Mpako wa Wagonjwa, huko juu Kilema. Wiki tatu nilikuwa nimeusikia mnyororo ukilia, nikajisemea, "Kesho." Ukakatika mwinukoni. Nikapanda kwa miguu kati ya migomba. Nilipofika, bibi alikuwa amekwisha kufariki. Mwanawe alinipa kiti na chai, wala hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Wapendwa, usiku ule hakuna aliyekusudia ubaya. Ilikuwa "kesho" tu. Je, nyumbani kwako ni mnyororo gani unaolia juma hili?

Dominika njema.